Nanaa ya marehemu mama imetambaa bustani nzima na sasa ina vidoti vya machungwa, nifanyeje nisiipoteze?

mke_wa_fundi (Tabata, Dar)

Habari zenu wapendwa, nina shida na nanaa naomba mnisaidie kabla sijafanya kitu nitakachokijutia.

Hii nanaa asili yake ni Tanga kwa marehemu mama. Alikuwa nayo nyuma ya nyumba pale penye karo, tangu niko mdogo naikumbuka ipo, ukimwaga maji ya kuoshea vyombo harufu inapanda mpaka jikoni. Mwaka jana baada ya arobaini nilikata vijiti vitatu nikavifunga na kitambaa kibichi nikapanda navyo basi mpaka Dar, nikavichomeka karibu na bomba la uani kwa sababu pale panavuja na udongo haukauki. Vikashika vyote vitatu. Nilifurahi mnooo, nilikaa nikalia pale pale.

Sasa mwaka haujaisha vizuri nanaa imejaa kila mahali. Tuta langu ni kama mita 3 kwa 1, nusu nilipanda mchicha na giligilani, pembeni kuna mirehani miwili ya mama mkwe. Mchicha imebaki miche minne mitano imenyong'onyea, giligilani siioni kabisa, na juzi nimekuta nanaa imetokea upande wa pili wa msingi wa tofali, yaani imepita chini kwa chini ikaibukia kwenye kokoto pale anapoegesha pikipiki mume wangu. Nikivuta shina moja linafuatana na mzizi mweupe mrefu kama kamba, una vifundo vifundo, na kila kifundo kina vijinywele na kichipukizi kimejikunja kinasubiri kutoka. Nikikata hapa inatokea pale.

La pili ndio linaniumiza zaidi. Majani ya upande wa ukutani yamekuwa madogo, mashina yamekuwa membamba na mekundu, na chini ya jani kuna vidoti vya rangi ya machungwa. Harufu nayo imepungua, kwenye chai naweka konzi nzima ndio naisikia kwa mbali.

Mume wangu anasema tupige dawa ya magugu tuanze upya, nanaa sokoni ipo mafungu kwa mafungu. Najua ipo, lakini sio ile. Nisaidieni, nitaizuiaje isile bustani yote, hivi vidoti ni nini, na je inawezekana kuokoa hata kijiti kimoja kizima?

shambani_usariver (Arusha)

Pole sana dada, na pole kwa msiba wa mama. Kwanza mwambie shemeji hiyo dawa aiweke pembeni. Ile dawa ya magugu inayoshuka mpaka mizizini itaua nanaa ndio lakini itaua na mirehani ya mkwe wako, na hapo ni bombani mnapochota maji.

Nanaa ndivyo ilivyo, haina kosa. Inatembea kwa njia mbili, kuna matawi yanatambaa juu ya ardhi na kila yakigusa udongo yanatoa mizizi, na kuna hayo uliyoyaona meupe yanayokwenda chini. Wewe ukiipa maji ya bomba linalovuja ni kama umeifungulia mlango. Kosa wanalofanya wengi ni kuchukua jembe na kukatakata. Kila kipande chenye kifundo ni mche mpya, kwa hiyo ukipiga jembe unakuwa umepanda nanaa mia.

Sasa vidoti. Chukua jani, pangusa upande wa chini kwa karatasi nyeupe au kitambaa cheupe. Ikibaki alama ya unga wa machungwa hiyo ni kutu, ni ugonjwa wa fangasi, nanaa huwa inaupata hasa ikisongamana na hewa haipiti, na huo ukuta wako unaizuia hewa. Kama hamna unga ila unaona vitu vidogo sana vinatembea na utando mwembamba kama wa buibui hao ni utitiri, wanapenda joto na ukavu, na wao unawapiga maji ya mpira kwa nguvu chini ya majani kila asubuhi siku tatu nne mfululizo wanapungua sana.

Ikiwa ni kutu fanya hivi, na ufanye LEO kabla hujagusa kitu kingine kwenye tuta:

Nenda upande ulio mbali na ukuta, tafuta vitawi ambavyo ukigeuza kila jani chini ni safi kabisa. Kata ncha za sentimita 10 hivi, kata chini kidogo ya kifundo. Toa majani ya chini ubakize manne matano ya juu. Weka kwenye glasi ya maji, dirishani penye mwanga lakini jua lisiipige moja kwa moja, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Wiki moja mpaka mbili utaona mizizi. Kata nyingi, kata hata ishirini, ili hata zikifa nusu mama yako bado yupo.

Mikono yako ikishika majani yenye kutu usiende kushika yale masafi. Safi kwanza, chafu baadaye, na kisu kioshwe na sabuni.

Kuna njia nyingine ya zamani ya wanaolima nanaa, unachimba ile mizizi meupe, unaiosha udongo wote, unaizamisha kwenye maji ya joto la nyuzi 44 kwa dakika 10 halafu unaitia maji ya baridi na kuipanda udongo mpya. Inaua kutu iliyojificha kwenye mzizi bila kuua mzizi wenyewe. Lakini ni lazima uwe na kipima joto maana ukizidisha unaichemsha. Mi ningeanza na glasi.

Halafu ndoo. Chukua ndoo ya lita 20, ile ya mafuta ya kula, kata kitako chote, ichimbie ardhini ukiacha mdomo umetokeza juu sentimita 5 hivi. Panda humo ndani. Mizizi ya chini inagonga plastiki inarudi. Yale matawi ya juu yatajaribu kuruka ukingo, kila wiki unapita unayakata, na ndio mboga yako hiyo.

bintiMvita (Mombasa)

Dadangu mi nimesoma mpaka machozi yamenilenga, Mungu amrehemu mamako.

Ushauri wa kaka hapo juu ni mzuri ila nami nkwambie, si lazima uione nanaa kama adui. Kwetu huku Old Town mamangu ameiacha itambae chini ya mndimu uani, hapo hapana kitu kingine kilichokuwa kinaota, udongo ulikuwa mtupu unapasuka. Sasa pamefunikwa kijani, ukienda kuchuma ndimu unakanyaga unasikia harufu mpaka kichwani, na zikitoa maua yale madogo ya zambarau nyuki wanajaa. Kama una mahali penye mti mkubwa tayari, na pamezungukwa na simenti pande zote, wacha ikae hapo itembee inavyotaka. Udongo unashika unyevu na magugu mengine hayapati nafasi.

Hapo kwenye mboga lakini itoe. Mchicha na nanaa haviishi nyumba moja.

shambani_usariver

Nakubaliana na dada wa Mombasa kwa mti MKUBWA. Mche mdogo wa mndimu wa mwaka mmoja usithubutu, nanaa itaunywea maji yote ya juu na mti utadumaa. Na kwa sasa, kwa kuwa kuna kutu, isipandwe popote ardhini mpaka tuhakikishe miche mipya ni misafi.

balkoniRoysambu (Nairobi)

Mi nakaa gorofa ya nne, bustani yangu ni balkoni tu, kwa hivyo niongee kuhusu poti.

Kitu cha kwanza usiwahi kununua mbegu. Nilinunua paketi imeandikwa peperminti duka moja hapa tauni, nikapanda, nikangoja, ikatoka kitu ina majani ya manyoya na harufu kama nyasi. Baadaye ndio nikajifunza peperminti haizai mbegu za kupandwa, ni mchanganyiko wa aina mbili za minti, ile ya kawaida na ile ya majini, na mchanganyiko huo ni tasa. Inapandwa kwa vijiti peke yake, kutoka mtu hadi mtu. Hata minti ya kawaida ambayo iko na mbegu, zinatoka tofauti tofauti. Kwa hivyo dada vile ulibeba vijiti kwa basi ndio njia yenyewe, hiyo iko uani kwako ni ILE ILE ya mama, si mtoto wake, ni mmea mmoja umeendelea tu.

Ya pili, kwa poti itakudanganya. Miezi sita ya kwanza ilikuwa imejaa, jirani wanaomba. Halafu katikati ikaanza kuwa na upara, majani yako kando kando tu yananing'inia nje, nikimwaga maji yanapita juu yanatokea chini kwa shimo bila kulowesha. Nilidhani ni mbolea. Siku moja nikaigeuza, nikagonga poti, ikatoka nzima na hakukuwa na udongo wa kuonekana, ni mizizi meupe imejizungusha imejizungusha kama kata ya kubebea mtungi kichwani. Nilichukua kisu cha mkate nikagawa mara nne kama keki, nikatupa katikati ile imekauka, nikachukua robo moja ya pembeni nikairudisha kwa poti na udongo mpya na mboji. Baada ya wiki tatu ilikuwa imejaa tena. Sai nafanya hivo kila mwaka mvua za masika zikianza.

Poti iwe pana kuliko kwenda chini, mi natumia beseni ya zamani yenye upana wa sentimita 40, nimetoboa chini mashimo sita.

mke_wa_fundi

Nimewasoma wote asanteni jamani, hiyo ya kwamba ni mmea mmoja unaendelea nimeisoma mara tatu nikamsomea na mume wangu, kanyamaza, hajataja dawa tena.

Nimefanya jaribio la kitambaa cheupe. Upande wa ukutani kimetoka rangi ya machungwa kabisa kama mtu aliyeshika bizari. Katikati kidogo. Upande wa kokoto kwenye pikipiki, ile niliyoilaani kwa kuvuka msingi, hamna kitu, majani mapana ya kijani safi na harufu ndio yenyewe. Nimekata ncha 22 nimeweka kwenye glasi tatu dirishani jikoni.

Swali lingine. Ile iliyobaki katikati isiyo na vidoti naweza kuila? Ni nyingi sana, sitaki niitupe. Na kwa nini harufu imepungua, ni kutu tu au kuna jingine?

bi_mkunazini (Maskati)

Assalam alaykum. Mie ni mzaliwa wa Unguja naishi huku Omani miaka mingi, na nanaa haikosekani nyumbani kwangu hata siku moja, kwa hiyo niruhusuni niseme mawili matatu.

Bibie majani safi kula, yaoshe vizuri tu. Yenye vidoti usile na usitie kwenye shimo la mboji, choma. Na yale masafi unayong'oa kwa kuwa ni mengi usiyaache yakae chini udongoni, tandaza juu ya bati juani mpaka yakatike kama karatasi, maana hata shina limelala kichwa chini juu ya udongo mbichi litaota.

Harufu: umeipa maji kupita kiasi na kivuli. Nanaa inapenda unyevu ndio lakini ikinywa sana inatanuka majani yanajaa maji harufu inakuwa hafifu, na samadi nyingi vilevile. Ile ya kwenye kokoto inapata jua na haizami majini ndio maana harufu umeikuta. Huku kwetu jua la kiangazi linapita nyuzi 40, hapo tunaitia chini ya mitende ipate kivuli cha mchana, na kwenye vijiji vya ndani maji yake ni ya falaji, yale maji yanayotoka mlimani kwa mifereji, kila mtu ana zamu yake ya kufungulia, basi nanaa inapandwa pembezoni mwa mfereji hapo, inakunywa zamu ikifika halafu inapumzika. Kwa Dar jua la asubuhi na kivuli baada ya adhuhuri inatosha.

Na jingine, ikianza kutoa maua harufu inahama jani. Usingoje maua. Ikifika shubiri moja kata, acha vidole viwili vitatu kutoka ardhini, itachipua upya na majani mapya ndio matamu. Nanaa ambayo haikatwi inazeeka ikiwa na mwaka mmoja.

Ama chai. Wengi wanaichemsha pamoja na maji kwenye sufuria mpaka inageuka kahawia, na harufu yote ishapaa juu kwenye dari. Chemsha maji na majani ya chai na sukari yako, epua, ndio utie nanaa mbichi kitawi kizima umekisugua kidogo tu viganjani, FUNIKA, dakika tano. Ukifunua harufu inakupiga usoni. Mie siitii maziwa.

Kwenye biriani usiitie kwenye masala mapema. Masala ikishaiva na mtindi wake, unapanga wali juu, hapo katikati ya masala na wali ndio unamwaga nanaa na kotmiri iliyokatwa na vitunguu vya kukaanga, unafunika kwa dam, yaani sufuria imezibwa vizuri juu ya moto mdogo, mvuke unaivisha. Jani linabaki na rangi na mtu akila anakutana nayo.

Neno moja la tahadhari. Nanaa ya chai ni chakula, haina neno, lakini mwenye kiungulia kikali aipunguze, inalegeza ule mlango wa juu wa tumbo na tindikali inapanda. Mie mwenyewe daktari kanambia hivyo nikawa naona kweli, nikinywa usiku nikilala inanichoma. Na yale mafuta ya peperminti ya chupa ni kitu kingine, ni makali, usimpake mtoto mchanga puani wala kifuani eti mafua, yanaweza kumzuia pumzi.

jirani_wa_mbagala

Samahani naingilia, mimi nimepanda nanaa kuzunguka dirisha la chumbani kwa ajili ya mbu na nyoka, mwaka wa pili huu, mbu bado wapo. Je nimepanda aina siyo?

shambani_usariver

Kaka aina ni hiyo hiyo. Mmea ukikaa tu kimya haufukuzi mbu, mafuta yake yako ndani ya jani, yanatoka ukilisugua au ukilikata. Na hata ukijisugua mwilini yanaisha haraka. Nyoka nao mi nimemkuta amelala katikati ya nanaa kabisa, palikuwa na ubaridi. Lala kwenye chandarua kaka, na kata majani yasisongamane chini ya dirisha.

kaka_mpishi (Unguja)

Bi Mkunazini kasema la biriani sina la kuongeza. Mimi niseme chatini maana naona dada ana nanaa nyingi na chatini ndio inayomaliza nanaa nyingi kwa mara moja.

Chambua majani peke yake, shina usitie, shina linatia uchungu. Konzi mbili nanaa, konzi moja kotmiri (nyie wa Bara giligilani, Mombasa na Nairobi dania, ni kitu kimoja), pilipili mbichi mbili, thomu punje tatu, nazi nusu iliyokunwa, chumvi. Ndimu mbili. Watu wengi wanatia ndimu mwisho, na ndio maana chatini yao inakuwa nyeusi kama matope ya mkokoni baada ya dakika kumi. Jani la nanaa likishapondwa na kukutana na hewa linageuka rangi, tindikali ya ndimu ndio inayolizuia. Kwa hiyo ndimu inatangulia, kamua kwenye blenda au kwenye kinu KWANZA, tia chumvi, ndio majani yafuate. Saga haraka, usiiache blenda ikazunguka mpaka ikapata moto, moto nao unaiua rangi. Maji ya baridi kijiko kimoja kimoja.

Kama una jiwe la kusagia tumia jiwe. Bibi yangu alikuwa anasaga nazi na pilipili na thomu kwanza mpaka ilainike kabisa, halafu majani anayapitisha mara nne tano tu, yanabaki na vipande vidogo unavyoviona kwa macho, na ukila na mishkaki au viazi karai kila tonge lina ladha yake tofauti. Ya blenda ni nzuri lakini yote ina ladha moja.

Inayobaki usiiweke friji kwa siku tatu, itapoteza ladha. Weka kwenye trei ya barafu igande, toa kipande kimoja kimoja. Majani mazima nayo unaweza kufanya hivyo hivyo, jani moja kila tundu na maji juu, unatia kwenye juisi ya ndimu au ya ukwaju mchana wa joto. Fungu la kutumia kesho usilitie mfuko wa plastiki likiwa na maji maji, litaoza, lisimamishe kwenye kikombe cha maji kama maua, au livingirishe kitambaa kibichi.

Kukausha: kivulini, penye upepo, umening'iniza kichwa chini. Juani inakauka haraka lakini inakuwa haina harufu, ni majani tu.

bintiMvita

Kaka hiyo ya ndimu kutangulia nimeijaribu jana usiku na bhajia, leo asubuhi bado iko kijani. Miaka yote nilikuwa nalaumu blenda. Shukran sana.

Na wewe mke_wa_fundi, mtindi ukipata mzito katia humo nanaa na tango lililokunwa na kukamuliwa maji, chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa kidogo. Kando ya pilau hapo hakuna maneno.

mke_wa_fundi

Narudi na habari, leo siku ya 11.

Kati ya ncha 22 zimetoa mizizi 17. Ilianza siku ya saba, vinukta vyeupe kwenye kifundo kilichozama, nilidhani ni uchafu, siku ya tisa vikawa nyuzi. Hakuna hata moja yenye kidoti, nageuza kila jani kila asubuhi, mume wangu anashika tochi ya simu.

Tuta tumeling'oa Jumamosi na Jumapili. Jioni yake tulimwagia maji mengi udongo ukalainika, hatukutumia jembe, tuliinua kwa uma wa bustani alioazima kazini tukawa tunavuta kwa mikono taratibu, kuna mzizi mmoja tumeupima umetoka bombani mpaka kwenye mrehani bila kukatika, mita mbili na ushee. Ya ukutani tumechoma yote. Ya katikati tulichambua majani masafi, nimefanya chatini ya kaka mpishi, nyingine nimeigandisha na nyingine ipo imening'inia kwenye korido, nyumba yote inanukia, mtoto ananiuliza kwa nini kunanukia kwa bibi.

Najua zitachipua tena, ameshasema kaka wa Arusha, nitapita kila wiki.

Ndoo mbili zimechimbiwa, kitako tumekata kwa msumeno, na fundi wangu ameziba lile bomba linalovuja, sasa namwagilia mwenyewe asubuhi. Miche kumi na mbili imeingia kwenye ndoo sita sita, miwili kwenye beseni barazani iwe ya akiba mbali na zile.

Imebaki mitatu. Nimempigia dada yangu Tanga kumuelezea, akaniambia pale karoni kwa mama wapangaji wapya walipiga simenti mwezi wa tatu na nanaa yote ilifukiwa chini. Kwa hiyo kumbe duniani ilikuwa imebaki hii ya uani kwangu, na nilikuwa nimekaribia kuipiga dawa. Mitatu hii nampelekea Alhamisi na basi la asubuhi. Safari ya mwaka jana vilikuwa vijiti vitupu havina mizizi, hivi vina mizizi mirefu naogopa isikatike, naifungaje?

shambani_usariver

Usisubiri iwe mirefu zaidi, inakuwa laini ya majini inavunjika. Leo hii ipande kwenye vikopo vidogo na udongo mwepesi, ikae mpaka Jumatano ishike kidogo. Alhamisi usiimwagilie sana, udongo uwe na unyevu tu. Zungushia kila kopo gazeti lililoloweshwa, tia zote tatu kwenye boksi zibanane zisianguke, juu acha wazi majani yapumue. Boksi likae miguuni pako, usiruhusu liingie kwenye buti la basi, kule kuna joto la injini.

mke_wa_fundi

Nimekuelewa kaka. Nitakaa nalo mapajani.